Maji ya Siku Tatu

Jumanne, 4 Machi

Leo ni siku ya nne tangu niolewe, na bado mtu akiita "mke wa Chaki" nageuka nyuma nimtafute huyo mwanamke. Kumbe ni mimi! Daftari hili nililinunua nikiwa kidato cha nne kwa ajili ya hesabu, nikajaza kurasa mbili nikachoka. Sasa limepata kazi inayolifaa. Hesabu zilinishinda, lakini furaha hii sitaki siku hata moja yake inipotee.

Tulipanda huku juu Jumamosi, harusi ilipokwisha kule kwetu bondeni. Wenzangu huondoka na magari yenye maua. Mimi niliondoka na lori la matairi! Mume wangu ni fundi wa matairi, na matairi makuukuu huyafuata kwetu kwenye joto. Ndiko alikonipata na mimi. Akasema kwa kuwa lori linapanda, basi lipande na vyote anavyovipenda kwa mpigo mmoja. Godoro, sufuria, sanduku langu, matairi thelathini na mawili, na mimi juu yake kama malkia. Nilishuka na masizi ya mpira kwenye gauni, meno nje.

Baridi ya huku haina mfano. Asubuhi mdomo unatoa moshi kama birika. Chaki ameniambia nikisikia baridi nimshike mkono. Basi nasikia baridi kutwa nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasha jiko la kuni bila kutoa machozi. Anasema hata nikitoa machozi napendeza. Huyu mwanamume ataniua kwa maneno.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimechekwa mpaka nimejicheka mwenyewe.

Nyumba yetu ni vyumba viwili vya bati. Mbele, upande wa barabara, ni karakana yake na kichumba ambamo wifi yangu anashona nguo. Ng'ambo ya ua ni chumba cha mama mkwe. Nilikuwa nafungua sanduku, nikatoa chandarua changu kipya cha bluu alichoninunulia mama yangu mzazi, nikaanza kutafuta pa kukining'iniza. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Hicho nini, mwanangu?"

"Chandarua, Mama."

"Cha kuzuia nini?"

"Mbu, Mama."

Akanitazama kama niliyesema cha kuzuia simba. Kisha akapaza sauti: "Njoo uone! Mke wa kaka yako kaja na nyumba ya nyavu!"

Wifi akaja na sindano mdomoni. "Wifi yangu, mbu akitaka kupanda huku aje kwanza nimshonee sweta."

Walicheka wakashikana. Mama mkwe alinieleza kwamba alipokuwa msichana barafu ililala kwenye majani mpaka saa nne asubuhi, na mbu hajawahi kumwona ila kwenye picha ya zahanati. Kisha akasema kwa upole, "Usikitupe lakini. Nipe mimi. Ndege wananimalizia miche ya kabichi."

Nikampa. Sasa chandarua changu cha harusi kinalala na kabichi. Chaki aliporudi akasimama uani akakiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Kabichi zina bahati, lakini mimi nimezishinda." Niliona haya mbele ya mama yake!

Alhamisi, 13 Machi

Leo nataka niandike jinsi alivyopata jina lake, maana nimekaa karakana asubuhi nzima nikimtazama, na hakuna kitu kizuri duniani kama mwanamume anayeijua kazi yake.

Mafundi wengine wakitaka kujua kama tairi kuukuu limetoboka, hulijaza upepo, wakalipaka povu la sabuni, wakaangalia dakika tano, basi. Chaki hapana. Yeye husimamisha tairi kwenye fremu ya mbao katika banda la nyuma ya karakana, akamimina maji ndani mpaka tumbo lake lijae, kisha akachora mstari wa chaki pale maji yalipofikia. Analiacha siku tatu. Maji yakishuka chini ya mstari, kuna tundu, hata kama ni dogo kama ncha ya sindano. Yasiposhuka, analizungusha robo na maji yake yale yale, anachora tena, siku tatu nyingine. Mpaka limalize mizunguko mitatu. Alifundishwa na marehemu mjomba wake, na hakuna fundi mwingine huku anayefanya hivi. Ndiyo maana madereva wanatoka mbali, wanasema, "Nataka tairi lililokaa maji ya Chaki."

Nikamuuliza kwa nini hatumii povu.

"Dakika tano?" akasema. "Dakika tano mtu hata jina lake hujalishika."

Mimi alinichunguza miezi saba. Nadhani maji yangu hayakushuka.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imefunguka. Bati linapiga kelele kama ngoma, hatusikilizani, tunaongea kwa macho. Sijawahi kuongea sana hivi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeumwa na mbu! Saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda karakana namenya viazi. Kwanza kifundo cha mguu, halafu nyuma ya goti. Mtu wa bondeni hawezi kukosea muwasho ule.

Nikamwambia kinyozi, jirani yetu mwenye kibanda mkabala na karakana, rafiki wa mume wangu tangu utoto. Alikuwa ananyoa mzee mmoja.

"Shemeji," akasema bila kuinua mashine, "hao ni viroboto. Unatamani kwenu tu."

"Viroboto nawajua. Huyu ana mabawa."

"Saa nne ya asubuhi? Mbu gani huyo hana adabu, anakula kabla ya wenye nyumba?"

Hata mimi nilijitilia shaka. Mbu niliowazoea huja giza likiingia.

Jumanne, 25 Machi

Alama nyingine nne za mbu. Chaki amezipaka mate akasema zitapona. Zimepona! (Hazijapona, lakini nimemwambia zimepona.)

Jumamosi, 29 Machi

Nimemuua mmoja na nimembandika hapa kwa utepe wa gundi, ili asiwepo wa kunibishia. Mweusi, ana vidoa vyeupe, na miguu yake ina mistari kama soksi za mchezaji mpira. Nilimpeleka mzimamzima kwa kinyozi. Akamtazama kwa miwani ya mteja wake.

"Haya, nimekubali. Ni mbu." Kisha akageukia benchi lililojaa watu. "Jamani, miaka yote hii hatuna mbu. Bibi harusi kafika, mbu nao wamefika. Shemeji, sema ukweli, ulikuja nao kwenye sanduku?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Jioni nilipopita kwenda dukani, mwanamke nisiyemjua akaniita, "Bi Chandarua!" Sikucheka sana mara ya pili.

Jumamosi, 5 Aprili

Mtaa mzima unajipiga makofi. Wifi anashona huku akipiga shingo, pindo la gauni limekwenda upande. Mama mkwe amevaa soksi mbili mbili na bado wanampata kwenye viwiko. Watu wa huku hawajui hata kujikuna. Wanajikuna mpaka damu. Nimewafundisha kupaka chumvi na maji. Mama mkwe akasema, "Afadhali tuna mtaalamu nyumbani," akanishika shavu. Nilitaka kumkumbatia.

Lakini dukani leo mwanamke mmoja alimvuta mwanawe asipite karibu nami. Nilijikaza. Nilipofika nyumbani Chaki aliniona macho, akaacha kazi mchana kweupe, akanitengenezea chai mwenyewe, chai mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa. Nilimaliza kikombe.

"Wakisema wewe ndiye uliyewaleta," aliniambia, "waambie waje wamuulize mumeo."

Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Chaki alikwenda kumfungia mteja matairi barabarani. Nilibaki nafagia banda. Jua lilipenya kwenye tundu la bati, likaingia moja kwa moja ndani ya tairi la fremu ya tatu, likamulika maji. Nikaona maji yanacheza. Nikainama.

Viluwiluwi. Si kumi, si mia. Wanajikunja na kujikunjua, wananing'inia juu ya maji kwa mikia wakivuta pumzi, nikipitisha kivuli cha mkono wote wanazama kwa pamoja kama wanafunzi waliomwona mwalimu. Nikaenda tairi la nne. La tano. Nikatembea fremu zote mpaka ukutani. Juu ya maji ya la mwisho alikuwa amesimama mbu mchanga, miguu ya mistari, anakausha mabawa.

Nilikaa chini kwenye sakafu.

Sasa naelewa kila kitu. Mayai ya mbu huyu hunata kwenye mpira kama ukoko, hukaa makavu miezi, yakipata maji yanafunguka. Tulisoma hivyo kidato cha pili na mimi nikacheka na jirani yangu wa dawati. Yalipanda na yale matairi thelathini na mawili ya bondeni. Siku ya harusi yangu! Niliyakalia! Chaki akayatia maji safi, akayaweka bandani mahali pasipo upepo, akayatunza siku tatu na tatu na tatu na tatu. Kinyozi alikosea sanduku tu.

Aliporudi alikuwa anaimba. Akapita kwenye fremu zake anakagua mistari ya chaki, anazigusa moja moja. Nikafungua mdomo niseme. Akageuka, akasema, "Unajua mke wangu, nikifa nataka watu waseme jambo moja tu: maji yake hayakudanganya."

Nikafunga mdomo.

Nitasema nini? Kwamba kazi iliyompa jina ndiyo inayouma mtaa? Tumeoana wiki ya sita hii. Sitaki niwe mimi wa kumvunja.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepata njia. Akitoka tu, nachukua kikombe nachota maji kwenye matairi mawili matatu, viluwiluwi wote nje kwenye changarawe. Polepole nitawamaliza na hatajua.

Jumamosi, 12 Aprili

Ee Mungu wangu, nimefanya nini.

Nilidhani nikichota nitajaza tena mpaka kwenye mstari. Lakini juzi alirudi mapema, na jana, na leo. Nikaacha maji yakiwa chini ya mstari.

Leo nimemkuta amechuchumaa mbele ya fremu, kisu cha mpira mkononi. "Sita," akasema. "Sita yametoboka kwa wiki moja. Na niliyachagua kwa mkono wangu." Kisha akaanza kukata. Tairi likishapatikana na tundu hulikata mikanda ya kufungia mizigo, hapo hapo, asije akashawishika kumuuzia mtu. Alikata tairi zima zuri mbele yangu. Kila mkato niliusikia kwenye mbavu.

Nilisema, "Labda ni joto limekausha maji."

"Joto gani, mpenzi, mvua inanyesha." Akanitabasamia, tabasamu la kunitoa wasiwasi mimi! Yeye!

Jumatatu, 14 Aprili

Sichoti tena. Lakini yameshafika tisa, yamekatwa yote. Haimbi. Jioni kabla ya kula alinyoosha mkono mbele ya uso wake, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Nikamuuliza anafanya nini.

"Marehemu mjomba alianza hivi hivi," akasema. "Anachagua tairi bovu anadhani ni zima. Mwaka wa pili yake tulikuwa tunamshika mkono kwenda chooni." Akacheka kidogo. "Macho yangu yanakwisha, mke wangu. Umeolewa na kipofu, hukuambiwa."

Nilimkumbatia nikashindwa kusema. Mwoga mimi. Mwoga, mwoga.

Jumatano, 16 Aprili

Mama mkwe anaumwa. Aliamka anatetemeka, kichwa kinampasuka, anasema macho yanauma kwa nyuma kana kwamba mtu anayasukuma, na viungo vyote vinamkatika. Wifi alikuwa tayari ana kidonge cha aspirini mkononi. "Ni baridi tu, kila mvua anapata."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliushika mkono wa wifi yangu. "Subiri. Twende zahanati kwanza." Kule kwetu mwaka mmoja homa kama hii ilipozuka, tulikatazwa aspirini mpaka tulikariri kama wimbo.

"Wifi, unanishika mkono kwenye chumba cha mama yangu?"

"Nisamehe. Ukitaka unipige baadaye. Twende kwanza."

Nesi wa zahanati ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alimpima malaria, hana. Akaniuliza mimi, si wifi: "Mbu wenu anauma saa ngapi?" Nikamwambia mchana, na nikamwonyesha yule niliyembandika humu, maana daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba. Akatikisa kichwa akachukua kipimo kingine. Homa ya dengi. Mgonjwa wa tatu wiki hii, akasema, na mwaka juzi hakuwa na hata mmoja. Huku kumepata joto kidogo kidogo, watu hawakuona, mbu wameona. Madereva wanapanda na kushuka kila siku, mmoja akija na homa akaumwa na mbu wa huku, imetosha.

"Aspirini mmempa?"

Wifi akanitazama. "Hapana," akasema. "Wifi alinizuia."

"Basi mshukuruni. Ingeweza kumtoa damu. Mpeni parasetamoli, maji mengi, supu, apumzike. Akitapika mfululizo, tumbo likimkaza au fizi zikitoka damu, mleteni mbio. Na alale ndani ya chandarua."

"Usiku," akasema wifi.

"Mchana! Huyu anakula mchana. Akimuuma mama akakuuma wewe, mtakuwa wawili."

Wifi alikimbia mbele yetu. Tulipofika alikuwa ameshakitoa chandarua kwenye kabichi, anakifua huku analia na kucheka. "Mbu wamepanda bila sweta, wifi," akasema. "Bila sweta kabisa."

Mama mkwe amelala ndani ya bluu, mdogo kama mtoto. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Kinanuka majani." Nikamwambia kesho kitanuka sabuni. Nilitoka nje nikajua kwamba kesho haifiki kabla sijasema.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta bandani saa moja asubuhi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hafanyi kitu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalinikimbia. Nikasema:

"Macho yako mazima."

"Nini?"

"Macho yako mazima. Yale matairi tisa hayakuwa na tundu hata moja. Mimi nilichota maji."

Nikamshika mkono nikampeleka fremu ya mwisho, nikamulika kwa tochi ya simu. Akainama. Nikamweleza yote kwa mara moja bila nukta: mayai, lori, kikombe, hofu yangu, mama kule ndani. Nilisema nilitaka kumlinda asivunjike, kumbe nilikuwa namvunja mwenyewe kila siku kwa kikombe. Nililia vibaya, na kamasi juu.

Akatoka nje ya banda. Nikamwona amesimama katikati ya ua, mgongo kwangu, mabega yanatikisika. Nikajua nimemuua. Nikamfuata nimwangukie miguuni.

Alikuwa anacheka!

Machozi yanamtoka na anacheka. "Mazima?" akasema. "Kweli? Mazima?" Akafumba jicho moja, akanitazama, akafumba jingine. "Mwanamke wewe! Wiki nzima najifunza kutembea chumbani nimefumba macho! Juzi nimejigonga kabati!"

"Nilidhani umejikwaa!"

"Nilikuwa najizoeza upofu!"

Tulikaa chini kwenye changarawe yenye unyevu tukacheka mpaka wifi akatoka kuuliza kuna nini. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akasema polepole:

"Matairi tisa nitayasahau. Lakini usinilinde tena namna hiyo. Mimi ni fundi. Mtu akiniambia kuna tundu, nashukuru."

"Sitarudia."

"Apa."

"Naapa."

"Haya." Akainuka, akanipa mkono. "Sasa nisaidie kumwaga."

Tulimwaga yote. Thelathini na mawili yalikuwa, yamebaki ishirini na matatu. Alipofika la mwisho mkono wake ulisita, niliona. Halafu akalipindua. Fremu zikabaki wazi zinachuruzika, na banda likaonekana kubwa na geni.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo asubuhi alivaa shati safi akavuka barabara hadi kwa kinyozi, benchi likiwa limejaa. Alinikataza nisiende. Nilikwenda nikajificha nyuma ya mlango wa wifi, na wifi alikuwa ameshafika pale kabla yangu.

"Jamani," akasema, "mbu ni wangu."

Kinyozi akazima mashine.

"Nimewapandisha kwenye matairi yangu, nikawafuga kwenye maji yangu. Mama yangu yuko kitandani kwa sababu yao. Mke wangu ndiye aliyegundua. Kwa hiyo yeyote mwenye neno, asimwambie yeye. Aje kwangu, mlango uko wazi."

Mzee aliyenyolewa nusu kichwa akakohoa.

"Kwa hiyo shemeji tulimsingizia," akasema kinyozi.

"Mlimsingizia."

"Lakini si alipanda nao lori moja?"

Hata Chaki alicheka. Kisha akasema, "Na wewe lile pipa lako la maji ya mvua hapo nyuma, una mwezi wa ngapi hujalifunika?"

"Huku hatufuniki maji, unajua mwenyewe."

"Twende tukaangalie."

Walikwenda wote, mwenye nusu kichwa akiwa na shuka la kinyozi shingoni. Nikasikia kinyozi anapiga yowe. Mpaka mchana mtaa mzima ulikuwa nje: ndoo, makopo, madebe, sufuria zilizotoboka zilizowekewa kuku maji. Maji yakamiminika barabarani. Yule mwanamke wa dukani alikuja kwangu na karai lake, hanitazami vizuri, akasema, "Dada, hawa ndio wenyewe?" Nikamwambia ndio wenyewe. Tukamwaga pamoja.

Jumapili, 20 Aprili

Homa ya mama imeshuka, lakini nesi amesema hizi siku mbili ndizo za kuangalia zaidi. Tunapokezana kumwangalia, mimi na wifi. Nampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

Jumatatu, 21 Aprili

Ana vipele vyekundu miguuni. Fizi safi. Tumbo laini. Nimeandika ili nisiendelee kuangalia kila dakika.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama mkwe ameomba kitana! Amekaa kitandani ndani ya chandarua anachana nywele, anatutukana kwamba kabichi zake zimeliwa na ndege. Wifi akasema, "Amepona huyu." Mama akaniita nikaingia ndani ya bluu nikakaa naye magoti kwa magoti.

"Nimesikia ulimshika binti yangu mkono."

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Mimi huyu namshindwa tangu ana miaka mitatu." Akanikabidhi kitana nimalizie nyuma. Nywele zake laini, nyeupe kwenye mizizi. Nilichana polepole, na nilijisikia nimeolewa mara ya pili.

Jumamosi, 3 Mei

Tatizo: dereva amekuja kutoka mbali, anataka tairi lililokaa maji. Chaki akamwambia hana. Yule akaondoka. Mume wangu alifagia banda lililokwisha kufagiliwa.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefurahi, sijui nitaandika vipi!

Tangu wiki iliyopita tunafanya majaribio. Niliuliza tu: hivi kwa nini siku tatu? Kwa nini si siku moja? Akasema mjomba alisema tatu. Nikamuuliza mjomba alipima? Akaenda kwa dada yake akaazima sindano ya cherehani nyembamba kuliko zote. Akatoboa tairi bovu tundu lisiloonekana, akamimina maji saa moja asubuhi. Saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole. Tukarudia. Mara sita! Kila mara kidole.

"Miaka kumi na minne," akasema, "ninasubiri siku mbili za bure."

"Mjomba alikuwa anapenda kupumzika," akasema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake cha jua. "Alikuwa ndugu yangu, namjua."

Basi sasa ni hivi: asubuhi tunajaza, jioni tunamwaga, tunasugua ndani kwa brashi ngumu mpaka kila ukoko utoke, tunakausha, kesho yake robo nyingine. Kusugua nimechukua mimi. Mikono yangu imekuwa myeusi kama yake.

Jumapili, 18 Mei

Nimekaa nje asubuhi nzima namenya viazi. Nimeumwa mara moja tu.

Jumamosi, 31 Mei

Tumeshuka leo bondeni kununua matairi, mimi na yeye, mbele kwa dereva, kama watu wakubwa. Mvua imekatika. Nilimsalimu mama yangu mzazi, akasema nimenenepa, nikasema ni furaha, akasema ni viazi.

Kisha tukaenda kwa mzee anayetuuzia matairi. Uwanja wake ni mlima mzima wa mpira, kila tairi lina kidimbwi ndani, na mbu wanaimba waziwazi kama kwaya. Chaki alianza kuchagua. Alipochagua la kwanza alilipindua, akamwaga maji, akatoa brashi mfukoni akaanza kusugua hapo hapo chini ya jua. Mzee akamwangalia.

"Kijana, unalifua? Unataka kulivaa?"

Vijana wa uwanjani wakacheka. Nikamtazama mume wangu, maana namjua, jina lake ni kitu anachokibeba kama yai. Nikawa tayari kuingilia, niseme lolote, nimfunike. Nikakumbuka nilivyoapa, nikauma ulimi.

Chaki akajifuta jasho, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mzee, mimi ndiye fundi niliyewapandisha mbu huko juu. Mama yangu mzazi alilala siku kumi. Nilikuwa sijui. Sasa najua, na wewe nakwambia. Haya maji yamwage, nami nitakusaidia."

Mzee akamtazama, akaniangalia mimi, akatazama mlima wake. "Yote?"

"Tuna mpaka jioni."

Mzee akakuna kidevu. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akawapigia vijana wake makofi. "Mmesikia? Anzeni upande wa ukuta!"

Nilijifunga kanga kiunoni nikaingia katikati yao.